Bibi Asiye na Pa Kurudishwa

Kila sifa, ninayoijua na nisiyoijua, ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi ikawa pana kuliko nyayo za waja wake, na akajua kila nafsi itarejea katika udongo upi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, aliyeuonja uchungu wa kuuacha mji alioupenda, ziwafikie na jamaa zake, na wenzake waliohama pamoja naye. Namshukuru Mola kwa umri alionipa, kwa macho ambayo bado yanasoma, na kwa wewe, mwanangu, uliyeketi kitako kunisikiliza mimi bibi yako.

Nakumbuka siku moja katika mji wa Guangzhou, nilipotakiwa kutafsiri swali moja fupi. Lilikuwa swali la huruma, limetoka kwa mtu mwema, na mtu mwema huyo alikuwa ameshika mkononi kanga iliyojaa msaada. Nililitafsiri kama nilivyotumwa. Kisha nikaona uso wa aliyeulizwa, na uso huo sijausahau mpaka leo.

Lakini nisikimbilie huko. Ngoja nikuanzie mwanzo.

Wakati huo nilikuwa bado na nguvu zangu. Nilikuwa nimefundisha chuoni Unguja miaka mingi, na watu wa huko walinizoea kwa jina la Mwalimu. Alipofariki mume wangu, Mungu amrehemu, mshahara wa chuoni haukutosha kulea watoto, nikaingia katika biashara ya nguo. Aliyenishika mkono akanipeleka China alikuwa Bi Mwanakombo wa Tanga, mama mtu mzima aliyekuwa ameshakwenda na kurudi mara nyingi hata wauza nguo wa soko la Shisanhang wakimwona tu walianza kucheka, maana walijua siku yao ya kupunguza bei imefika. Akiambiwa bei, huweka mkono kifuani kama aliyepigwa na ugonjwa. “Laoban,” humwambia tajiri wa duka, “mimi nimekuja kununua nguo, sikuja kununua duka.” Alisema kwa Kiswahili, na tajiri alielewa.

Tulipanga nyumba pamoja, mimi, yeye, na Mama Neema, mtu wa Moshi, Mlutheri, mwenye kununua nguo za watoto na viatu. Mchana tulizunguka maduka ya jumla ya Barabara ya Guangyuan mpaka miguu ikavimba. Jioni tulirudi, tukapika, tukasali, kila mtu kwa njia yake.

Utaratibu wa kusafirisha ulikuwa huu, na nasikia haujabadilika sana. Mfanyabiashara mdogo hajazi kontena peke yake. Mnachangia watu kadhaa. Kila mmoja anapeleka marobota yake ghalani kwa ejenti, anayaandika alama yake kwa wino mzito, na kontena haliendi bandarini Huangpu mpaka lijae. Ejenti wetu alikuwa Hemedi, mtoto wa Bi Mwanakombo wa kumzaa mwenyewe. Ukishamaliza kununua, huna kazi ila kuwasubiri wenzako. Na kusubiri, mwanangu, ni nusu ya biashara. Asiyejua kusubiri huuza mbegu.

Ghorofa ya chini yetu alikaa Samar, mwanamke wa Kipalestina wa makamo, mkalimani katika ofisi ya Waarabu wasafirishaji wa mizigo. Alikuwa na mama yake, Bi Amina, mzee sana, mgonjwa wa kitandani. Samar alikuwa mtu wa salamu fupi. Siku moja alinikuta ngazini nimebeba msahafu wangu, akanijaribu kwa Kiarabu, nami nikamjibu. Akashangaa. Akaingia ndani, akatoka na riwaya ambayo kurasa zake zilikuwa zimeanza kuachana.

“Chukua,” aliniambia. “Ni maisha ya mwanamke wa kwetu. Mimi kila nikifika katikati naifunga.”

Nikaipandisha juu, na siku zile za kungoja kontena nikawasomea wenzangu. Niliisoma kwa namna tuliyosomeshwa sisi na masheikh wetu: unasoma sentensi moja kwa Kiarabu, unanyamaza kidogo, kisha unaifasiri kwa Kiswahili, ndipo unasogea mbele. Ndivyo tunavyosoma vitabu vya fiqhi, na sikujua njia nyingine. Wenzangu walikunja nguo na kubandika bei huku wakisikiliza.

“Mimi Mlutheri nimeketi darsani kila jioni,” alisema Mama Neema. “Nikirudi Moshi mchungaji atanipima homa.”

“Akikupima mwambie umepona,” alimjibu Bi Mwanakombo.

Mwanamke wa kitabuni aliitwa Rasmiya. Alitoka kijijini kwao akiwa msichana, siku watu walipokimbia, kichwani amebeba sinia la unga uliokandwa, maana mkate ulikuwa haujaokwa na mama yake alisema watarudi jioni kuuoka. Hawakurudi. Unga ukachacha njiani. Akalelewa kambini, katika hema, kisha katika nyumba ya mabati. Akaolewa, akahamia nchi nyingine, vita vikamtoa, akahamia nyingine tena. Kila alikokwenda hakununua sufuria asiyoweza kuibeba kichwani. Watoto wake kila mmoja alizaliwa katika nchi yake, na siku ya Idi wakikutana walichekana lafudhi, huyu anaita mkate hivi, yule vile, naye akicheka nao, kisha anakwenda jikoni kulia.

Tulilia nasi. Mama Neema alikuwa akipenga kamasi kwa vipande vya kitambaa vya kujaribia rangi.

Katika siku hizo Samar alituomba tushuke kumjulia hali mama yake. Tukashuka mimi na Bi Mwanakombo. Tulimkuta Bi Amina amelala ubavu, mwembamba, macho yake makali kuliko mwili. Aliushika mkono wa Bi Mwanakombo, akaugeuza, akautazama kiganja kama anayesoma, akasema neno. Nikalitafsiri.

“Anakuuliza: huko kwenu, mtu akifa anaoshwa na nani?”

“Na watu wake,” Bi Mwanakombo alijibu.

Bi Amina alitikisa kichwa. “Wangu hawapo. Binti yangu ni mmoja, na mmoja hawezi kubeba jeneza.”

“Mwambie atapona.”

Nilimwambia. Alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayepokea zawadi isiyomfaa. Tulipotoka, Samar alitusindikiza hadi mlangoni, akavuta mlango nyuma yake.

“Haogopi kufa,” alisema. “Anaogopa kuzikwa na watu wenye haraka. Kila siku ananiuliza: watakaonizika watakuwa akina nani? Nami sina jibu.”

Neno hilo tuliondoka nalo. Tukalizungumza ngazini, tukasema maskini, tukasema Mungu atampa nafuu. Kisha tukarudi juu katika kitabu chetu. Ndivyo binadamu alivyo: jambo likiwa limeandikwa hulilia, likiwa mlangoni hulisalimia na kupita.

Tulimaliza riwaya baada ya alasiri, siku ya mvua, marobota yamejaa sebuleni hata tulikaa juu yake. Mwishoni Rasmiya anakufa katika mji wa mbali. Watoto wake wanapigiana simu kutoka nchi zao mbalimbali. Huyu anasema aletwe huku, yule anasema huku, na kila mpaka unamkataa. Alizaliwa hapa lakini hapa si kwake. Aliishi pale lakini hati ya pale imekwisha muda. Basi anazikwa na watu ambao hakuwahi kujua majina yao, na mwandishi hasemi ni wapi.

Nilifunga kitabu. Kisha Mama Neema akaweka chini viatu alivyokuwa akivilinganisha.

“Hapana,” alisema. “Huyo mwandishi ametupiga. Mpaka hapo nilikuwa naye, sasa ametupiga.”

“Ametupigaje?” nilimwuliza.

“Mtu anakufa, halafu hana pa kurudishwa? Mwalimu, hata mwizi ana kwao. Hata mchawi aliyefukuzwa kijiji, siku akifa wanampokea, wanamchimbia pembeni kwenye migomba. Nyumbani ni nyumbani ijapokuwa pangoni.”

“Hadithi lazima itiwe chumvi,” Bi Mwanakombo alimuunga mkono. “Bila chumvi utainywaje? Huyo alitaka tulie, na tumelia, basi amepata haki yake.”

Nilikuwa nimesoma kitabu kizima kwa ulimi wangu na bado sehemu ile niliiona kama wao. Mwenda tezi na omo, tuliambiwa tangu utoto, marejeo ni ngamani. Nani angetuambia kwamba kuna mtu ambaye ngama yake imezibwa?

Haikupita hata wiki. Asubuhi moja tulisikia mlango wa chini ukifunguliwa na kubaki wazi, na sauti ya Samar, si kilio, ni sauti tu, kama mtu aliyeita jina na hakuitikiwa. Tukashuka. Bi Amina alikuwa amekwisha kwenda. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Bi Mwanakombo alimfumba macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa, akamnyoosha mikono, kazi aliyoijua tangu ujana.

Sasa sikiliza, mwanangu, kosa ambalo ni watu wetu tu wangelifanya, na walilifanya kwa moyo safi.

Wewe unajua ada yetu ugenini. Mtanzania akifia nje, hata kama hakuwa na ndugu, watu wanachanga arudishwe. Hatulali mpaka amepanda ndege. Anayechanga leo anajua kesho atachangiwa yeye. Na kwa watu wa Mama Neema jambo hili ni zito zaidi, maana kwao mtu hulala kwenye ardhi ya baba yake, karibu na nyumba, na kumwacha ugenini ni kumtupa.

Basi Mama Neema hakungoja kuambiwa. Alitandika kanga yake juu ya meza, akasimama mlangoni pa jengo, kila Mwafrika aliyepita alimsimamisha. Wenzetu wa Dar walitoa. Wakenya walitoa. Mkongo wa ghorofa ya juu alishuka na malapa yake, akatoa, akasema, “Pole sana, maman,” akasimama pale hajui aende wapi, Mama Neema akampa kazi ya kusimamisha wengine. Kabla ya adhuhuri kanga ilikuwa imejaa fedha. Akaifunga fundo, akaibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, tukaingia wote kwa Samar.

Samar alikuwa kwenye kiti karibu na mama yake, simu mkononi. Alikuwa akiongea nayo tangu asubuhi.

“Mwalimu,” Mama Neema aliniambia, “mwambie hivi. Mwambie sisi ni watu maskini lakini hatukubali. Hii ni ya kumrudisha mama kwao. Yeye atutajie tu uwanja wa ndege. Hemedi anajua mambo ya kusafirisha, ataulizia leo leo.”

Nikamwambia. Nilitafuta maneno mazuri ya Kiarabu, yale ya heshima. Nikamaliza kwa kuuliza: “Tumpeleke wapi?”

Samar alinitazama. Akaitazama ile kanga. Kisha akacheka. Mwanangu, nimeishi, nimezika wazazi na mume na mtoto, lakini sijapata kusikia kicheko kama kile. Hakikuwa na furaha, wala dharau, wala wazimu. Kilikuwa kama mlango unaofunguliwa na upepo katika nyumba isiyo na mtu.

“Wapi?” alisema. “Mwulize, wapi?”

Nikamwuliza Mama Neema. Naye, kwa upole kabisa, akadhani Samar amechanganyikiwa kwa msiba. “Kwao,” alisema polepole kana kwamba Samar angemwelewa. “Kijijini kwao. Alikozaliwa.”

Samar aliweka simu mapajani akaeleza, nami nikafasiri sentensi baada ya sentensi, kama nilivyokuwa nikisoma riwaya. Alisema kijiji alichozaliwa mama yake hakipo tena, juu yake imepandwa misonobari. Alisema mama yake alitolewa akiwa msichana mdogo, na tangu siku hiyo hakuruhusiwa kurudi hata kutazama. Alisema nchi alikolelewa kambini ilimpa hati ya kusafiria, si uraia, na hati imekwisha muda wake. Alisema nchi alikoolewa na kuishi nusu ya umri wake iliwatoa baada ya vita, wakaondoka na masanduku mawili. Alikuja Guangzhou kumtembelea binti yake, akaugua, na hapakuwa na pa kumrudisha akiwa hai.

“Tangu asubuhi napigia balozi simu,” alisema. “Mmoja ameniambia si wetu. Mwingine ameniambia hati imekwisha. Wa tatu, kijana, sauti yake nzuri, ameniuliza: marehemu ni raia wa wapi? Nikamwambia, Mpalestina. Akaniambia, ndiyo, dada, lakini raia wa wapi?”

Nilifasiri na hilo la mwisho.

Mama Neema aliketi chini sakafuni, pale pale aliposimama, na kanga yake mapajani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Sasa sauti yake ilitoka ndogo.

“Kumbe ni kweli,” alisema. “Mwalimu, kumbe kile kitabu ni kweli.”

Bi Mwanakombo alikuwa amesimama na mkono kifuani, mkono ule ule wa sokoni, lakini sasa haukuwa mchezo. Tulikuwa watu wazima, tumesafiri bahari na mabara, tumesoma, tunasali. Tulijua maneno Palestina, kambi, mkimbizi. Tuliwaombea kila Ijumaa. Na bado tulikuwa hatujawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kufa na dunia nzima ikatazamana, kila mmoja akisema si wangu. Nilimtazama Bi Amina pale kitandani, amefunikwa shuka, nikakumbuka marobota yetu ghalani, yote yameandikwa jina la bandari. Robota la suruali lilikuwa na pa kwenda. Yeye hakuwa napo.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa chuo, niliona ni wajibu wangu kusema la kumliwaza. Nikafungua kinywa kumwambia Samar kwamba ardhi ya Mwenyezi Mungu ni pana, na kwamba sheria yetu inapendelea maiti azikwe alipofia. Ni maneno ya haki. Nilifika nusu tu. Bi Mwanakombo alinishika kifundo cha mkono, akakibana.

“Nyamaza, mwanangu,” alisema kwa Kiswahili, taratibu, bila hasira. “Hilo neno ni la kweli, lakini wewe una kwenu. Neno la kweli likitoka kwa mwenye kwao likamwendea asiye na kwao, linafika likiwa kofi. Mshike mkono kwanza. Ardhi ya Mungu atakukumbusha yeye mwenyewe akiwa tayari.”

Nikanyamaza. Nikamshika Samar mkono. Nilikaa hivyo muda mrefu, na ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

Bi Mwanakombo akapanda juu. Aliporudi alikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa, chenye harufu ya karafuu. Ilikuwa sanda yake mwenyewe. Wazee wetu wengi hurudi nayo kutoka Hija, imeoshwa kwa maji ya Zamzam, wakaiweka kwa siku yao, na yeye hakuwa akisafiri bila hiyo.

“Bi Mwanakombo,” nilimwambia, “hiyo ni yako.”

“Ilikuwa yangu. Mimi nikifa, Tanga nzima ina maduka ya bafta, na nina watu wa kwenda kuinunua.”

Akamgeukia Hemedi, aliyekuwa amesimama mlangoni. Siku ile kontena letu lilikuwa limejaa na lilitakiwa lipelekwe Huangpu, na simu yake haikuacha kulia.

“Zima hiyo,” alimwambia. “Leo umefiwa na bibi.”

“Mama, gari la kontena liko barabarani.”

“Ligeuze. Watu wana nguo za kuvaa.”

Akaizima.

Watu wa msikiti, Mungu awalipe, walitupokea vizuri na wakatusaidia kupata ruhusa ya kuzika makaburini kwao. Chumba cha kuoshea kilikuwa na bibi mmoja wa Kichina, Mwislamu, mwenye kazi hiyo. Hakujua neno la Kiswahili wala sisi la kwake. Lakini alipochota maji, akaanza upande wa kulia kabla ya wa kushoto, Bi Mwanakombo alipokea kata akaendelea pale pale alipoachia, na wakapokezana hivyo mpaka mwisho kama watu waliosoma chuo kimoja. Samar alimwagia mama yake maji ya mwisho. Mama Neema hakuingia, alikaa nje kwenye ngazi, na alipotuona tumetoka alisimama, akauliza kama Bi Amina alikuwa ametulia. Nikamwambia, alikuwa ametulia.

Ilipokuja sala ya jeneza, sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Kwetu kuna ada kwamba mtu wa marehemu husimama mbele ya watu, akamwombea marehemu msamaha kwao na kuyachukua madeni aliyoyaacha yawe juu yake. Nilikuwa nikijiuliza ni nani atasimama. Nikasikia sauti ya Hemedi, kwa Kiswahili chake cha Tanga.

“Jamaa, huyu aliye mbele yenu ni bibi yangu. Aliyekosewa naye, namwomba radhi. Mwenye haki yoyote kwake, asimwendee yeye, anijie mimi.”

Akalisema tena kwa Kiarabu cha dukani, kisha kwa Kichina cha dukani. Kulikuwa na Wayemeni pale, na Wachina, na Waafrika wa kila namna. Hakuna aliyecheka. Samar aliniuliza anasema nini. Nilimwambia. Akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio wake, hakuuondoa mpaka jeneza lilipotoka.

Makaburini mlinzi alimwuliza Hemedi marehemu ni nani wake. Hemedi akasema, bibi. Mlinzi akamtazama uso, mweusi wa Tanga, akamtazama na bibi aliyefunikwa, akawaza kidogo, akatikisa kichwa kuwa sawa, akaenda kuonyesha mahali. Walimzika bila haraka. Walikaa wakasoma mpaka kivuli kikageuka.

Matanga tulikaa kwetu juu. Bi Mwanakombo aliketi mkekani pamoja na Samar, na kila aliyeingia aliwapa pole wote wawili, na wote wawili waliitikia. Vilivyokuwamo katika kanga ya Mama Neema vilikwenda katika maziko na chakula, kilichobaki akapewa Samar. Wenye kontena waliolalamika kwenye simu walijibiwa na Bi Mwanakombo mwenyewe, na hawakupiga tena.

Ulipofika wakati wetu wa kuondoka, Samar alipanda kutuaga. Nikadhani atatushukuru. Akaniambia nitafsiri neno kwa neno.

“Kibali changu cha kukaa hapa kinaelekea mwisho,” alisema. “Wakiniambia niondoke, sitaweza kurudi hata kwa ziara. Nilidhani nimemaliza, nimemzika. Kumbe hata kaburini naweza kufukuzwa. Mama yangu atabaki peke yake tena.”

Mwanangu, nilidhani nimekwisha kushtuka kiasi cha mtu kushtuka. Nilikuwa sijajua kwamba hata wafu wanaweza kuwa wakimbizi, na kwamba aliye hai anaweza kunyimwa hata kung'oa majani juu ya mama yake.

Nilifasiri. Safari hii sikutafuta aya. Aliyejibu ni Mama Neema.

“Mwambie sisi tunakuja hapa kila msimu,” alisema. “Tusipokuja mimi na wewe, anakuja mwingine. Guangzhou haiwezi kukosa Mtanzania. Mwambie tutapita.”

Tuliporudi msimu uliofuata, mlango wa chini ulifunguliwa na watu wengine. Samar alikwenda wapi, hawakujua, nasi hatujajua mpaka leo. Mola wake anajua alipo, na namwomba kila sala. Lakini tulipita. Mama Neema ndiye aliyetangulia, akang'oa majani kwa mikono yake, akasema kwa Kiswahili, “Bibi, sisi wazima, hatujambo.” Bi Mwanakombo alipita mpaka miguu ilipomkataza, kisha akafa kwao Tanga, akavishwa bafta ya dukani, akazikwa na umati. Aliyekuja baada yetu tulimwachia zamu hiyo, naye akamwachia mwingine.

Sasa zamu ni yako, mwanangu, ndiyo maana nimekuita kabla hujafunga sanduku. Nasaha yangu ni hii. Ukisoma au ukihadithiwa mateso ya watu, usiwe mwepesi wa kusema wametia chumvi. Aisifuye mvua imemnyea, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Pengine aliyeandika amepunguza, akihofia hutamwamini. Ukimlilia mtu wa kitabuni, shuka ngazi ukamtazame wa chini yako. Ukiwa na neno la dini, lishike vizuri, lakini tanguliza mkono, neno litafuata. Na usidhani kila mtu ana pa kurudi kwa sababu wewe unapo. Kuwa na kwenu ni neema kama pumzi, haionekani mpaka uone aliyeikosa. Ishukuru, na shukrani yake si maneno. Shukrani yake ni kusimama mbele ya watu ukasema juu ya mtu asiye na mtu: huyu ni wangu.

Ukifika Guangzhou, kabla hujaenda Guangyuan wala Shisanhang, pita makaburini. Ukimwuliza mlinzi kaburi la Mpalestina, hatalijua. Mwulize kaburi la bibi wa Watanzania, atakupeleka moja kwa moja. Msalimie, msomee, mwambie umetoka kwetu, na usiwe na haraka.

Nawe msomaji, uliyesoma mpaka hapa, uwe nani na uwe wapi, Mwenyezi Mungu akupe nyumba usiyofukuzwa, akupe watu wa kukuita wao ukiwa hai na siku utakayoondoka, awakusanye wote waliotawanywa, na atujaalie sote makao katika ile nyumba ya amani ambayo aliyeingia hatolewi. Amin.